Picha ya Shamba la Nakwa

Vero mwanangu,

Naandika nikiwa studio, jua bado lipo, na wewe uko nyumbani unafunga begi. Ningeweza kuja kukuambia kwa mdomo, ila sisi wawili tukianza jambo hili, sentensi ya tatu huwa ni ugomvi. Karatasi haimkatizi mtu maneno. Isome yote leo, usiiweke ya kusomea kwenye basi la Dodoma, kwa sababu ina habari inayoweza kukufanya ubadili safari, na mtu hubadili safari akiwa kwao, si akiwa ameshapita Bonga.

Jumapili tukitoka kanisani uliniuliza, "Mama, utasaini au hutasaini?" Nikakujibu kwamba chakula kinapoa. Hilo halikuwa jibu, najua.

Hesabu yake iko wazi. Kampuni ya viwanja kutoka Dodoma inataka kununua shamba la mjomba wako Sulle kule Nakwa. Walipokuja kupima waliona picha zako ukutani hapa studio, wakakupa kazi ya kupiga picha za ardhi wanayouza. Kazi yako ya kwanza ni shamba hilohilo. Lakini mbele ya mwenyekiti wa mtaa shamba haliuzwi mpaka majirani wote wa mpakani wasaini. Jirani wa mashariki amesaini, wa kusini amesaini, mwenye njia amesaini. Wa nne ni mimi, na tangu masika sijasaini. Meneja wako hakuzunguka alipokuambia kwamba sahihi ya mama yako ikikosekana, na wewe hana pa kukuweka. Kwa hiyo mjomba wako ananiona mchoyo, mwenyekiti ananiona mkorofi, na wewe unaniona mama anayemkalia mtoto wake kwenye riziki.

Jibu ninalo, nimelipata leo mchana. Lakini ukiruka mpaka mwisho utalielewa vibaya, na mimi nimechoka kueleweka vibaya na watu wa familia yangu.

Ya kufunga mlango, kula vizuri na kuchagua marafiki sitayaandika. Kama hujayajua mpaka umri huu, barua haitasaidia. Nitakuandikia juu ya kamera, maana ndiyo niliyokufundisha, na kuna sehemu moja ya somo niliiruka.

Ile kamera yangu kubwa unaijua jinsi ilivyo, lakini hujui niliipataje. Ilikuwa mnadani. Muuzaji mmoja alikuwa na vitu vya nyumba ya mtaalamu wa ardhi aliyehamishwa: viti, pasi ya mkaa, ramani zilizoliwa na mchwa, na boksi la mbao lenye ngozi iliyokunjwakunjwa katikati. Yeye aliliita kinanda. Mwalimu mmoja wa kwaya ya Walutheri alikuwa ameshalishika, analivuta na kulibana.

"Mbona hakilii?" akauliza.

"Kimekaa sana bila kupigwa," muuzaji akasema. "Kitie mafuta."

"Na vitufe viko wapi?"

"Hicho ni cha Kijerumani, bwana. Vitufe viko ndani."

Mwalimu akanigeukia. "Dada, wewe unasemaje, hiki ni kinanda kweli?"

Nikamwambia mimi ni Mkatoliki, mambo ya vinanda vyao siyajui. Alipokiweka chini nikakigeuza, na nyuma yake nikaona kioo cha ukungu. Nikaelekeza lenzi kwenye ng'ombe wa mnada, nikajifunika kitenge kichwani, na ng'ombe wote wakaonekana pale kwenye kioo, miguu juu. Nilikuwa na miaka minne ya kupiga picha za pasipoti, kuta nne na shuka la bluu, na sikuwahi kuona dunia ikiingia nzima kwenye kipande cha kioo namna ile. Nikatoa mbuzi wangu wawili. Muuzaji alicheka nilipoondoka. Mwalimu wa kwaya bado akikutana nami sokoni huniuliza kama nimejifunza wimbo.

Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Filamu zake haziuzwi hapa wala Arusha, nikaishia kukata filamu za eksirei ambazo maduka ya vifaa vya hospitali yalikuwa yanaziuza, nikizikata gizani kwa taa nyekundu kule stoo. Katika kila kumi niliharibu saba. Mama mwenye mtoto mgongoni na baba wa mtoto yuko machimboni Mererani hajulikani lini anarudi, na bado anakata filamu kwenye stoo ya mahindi. Watu walisema. Waliosema ndio leo wanakuja kuomba niwapige picha ya harusi na kamera "ile ya zamani."

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa Mlima Kwaraa. Mtu wa kalenda aliniagiza picha ya mlima na mji chini yake. Nilikuwa na lenzi moja tu, ile ya milimita tisini, ambayo kwa filamu kubwa kama ile ni pana sana. Nikapanda alfajiri upande wa Nangara, nikaweka stendi, nikahakikisha kamera imelala sawa na maji kwenye sahani. Sikuiinamisha kutazama juu. Niliinyanyua lenzi peke yake, miti ikabaki wima kama ilivyoumbwa. Nilijiona nimemaliza kazi. Mtu wa kalenda aliishika ile picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mama Vero, hiki kichuguu kiko wapi?"

"Hicho ni Kwaraa."

"Kwaraa naijua mimi, nimezaliwa chini yake. Hiki ni kichuguu. Ila majani haya ya mbele ni mazuri sana. Unaweza kunipa kalenda ya majani?"

Hakuchukua. Nilimnunia muda mrefu, lakini alikuwa amenipa somo bila ada. Lenzi pana haipendi kilicho mbali. Inachukua kilicho miguuni pako na kukikuza, kisha inasukuma vingine vyote nyuma. Mlima utakuwa kichuguu na mfereji wa maji utakuwa mto. Haijadanganya, mahali uliposimama ndipo pamesema hivyo. Wewe mwenyewe ulivyokuwa mdogo uliniuliza kwa nini Kwaraa ya kwenye picha ni ndogo kuliko ya dirishani, nikakujibu vizuri kabisa, nikakuchorea na chaki. Nilijua. Ndiyo maana lile la Nakwa haliwezi kuitwa ujinga. Nililifanya nikiwa najua.

Sasa nakuja Nakwa.

Babu yako alipofariki aliacha shamba moja na watoto wawili, mimi na Sulle. Neno lake lilikuwa fupi: mgawane sawa, binti na mvulana. Kwa kizazi chake na kwa watu wa Mbulu lilikuwa neno kubwa, na kuna ndugu ambao mpaka leo hawajalimeza. Katikati ya shamba ulikuwepo ua wa miti ya manyara, ambao babu aliupanda kuzuia ng'ombe, si kugawa urithi. Upande wa juu, ulioelekea barabara, nilikuwa nalima mimi. Upande wa chini, mpaka korongoni, alilima Sulle. Yeyote aliyetembea pale alijua kuwa upande wa chini ni mrefu zaidi. Mimi nikadai ua usogezwe. Sulle akasema ua ni mpaka. Likaitishwa baraza la ukoo.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Ilikuwa masika, na njia ya kwenda shambani ilikuwa tope la kumeza gumboot. Mzee Bura, mjomba wa marehemu babu yako, aliteremka kutoka Mbulu kuja kuamua. Alikuwa mtu mzima sana, na mguu mmoja ulikuwa haumtii. Hata hivyo alisema, "Tutakwenda shambani. Ardhi huamuliwa kwa miguu."

Hiyo ndiyo desturi yetu, na ni desturi ya watu wenye akili. Wazee wanakanyaga mpaka mwisho hadi mwisho, kila mtu anaona, ndipo wanakaa.

Mimi nikasema, "Msijisumbue, wazee wangu. Nitawaletea shamba mezani."

Ungenisikia nilivyolisema. Nilikuwa nimeshajulikana mjini kwa ile kamera. Nilitaka ukoo uliosema ninachezea kinanda uone kinanda kinavyofanya kazi. Mzee Bura aliutazama mguu wake, akatazama nje mvua, akasema sawa.

Siku iliyofuata nilikwenda na mzigo wangu. Nikasimama kwangu, upande wa juu, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Hapo nilikosea mara ya kwanza. Nikaiweka stendi chini ili mifereji ya shamba langu ionekane vizuri mbele. Nilipenda mistari yake ilivyokuwa inakimbia kwenda kwenye ua. Hapo ikawa mara ya pili. Nikaipinda lenzi kidogo mbele ili kila kitu, kuanzia bonge la udongo karibu na mguu wangu mpaka vilima vya nyuma, kiwe kikali. Ilikuwa kazi safi, sijawahi kufanya safi zaidi.

Sulle alikuwa amesimama kule mwisho kabisa, korongoni, na jembe lake. Kwenye kioo alikuwa kama punje ya ulezi.

Nikamwita kwa sauti, majirani wakiwepo njiani, "Sulle! Hebu toka kwenye picha, unaniharibia!"

"Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu!"

"Pita kwenye korongo huko! Picha haihitaji sura yako!"

Majirani wakacheka. Akashuka korongoni. Nikapiga.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, Vero. Mtu akisimama mwisho wa shamba, hata mtoto ataona shamba lina urefu gani, kwa sababu kila mtu anajua mtu ana urefu gani. Nilimtoa mtu mmoja tu ambaye angenitetea, na nilimtoa kwa kejeli.

Nilipoitoa picha kubwa, upande wangu ulijaza theluthi mbili ya karatasi. Ua wa manyara ulikuwa mbali, kule sehemu ya juu ya karatasi, na zaidi ya ua, upande wa Sulle ulikuwa kamba nyembamba imelazwa chini ya vilima. Na ile filamu ya eksirei, kama ujuavyo, haioni rangi nyekundu; chekundu chote inakifanya cheusi. Udongo wangu ni ule mwekundu wa juu, unaochoka kila baada ya misimu miwili. Kwenye picha ulitoka mweusi tititi, kama udongo wa mbuga.

Mzee Bura aliishika kwa mikono miwili. Hakuwahi kulima Nakwa. Alikaa nayo muda mrefu, wengine wakichungulia begani kwake.

"Binti yangu," akasema, "huu wa mbele ni wako?"

"Ni wangu, baba."

"Na udongo huu mweusi ni wako?"

Nikaanza kueleza habari ya filamu na wekundu. Niliona macho yao yanavyofumba. Mmoja akasema, "Picha inasema jambo moja na mwenye picha anasema lingine. Tumwamini nani?" Wakacheka. Mzee Bura hakucheka. Alisema marehemu aligawa vizuri kuliko tulivyofikiri, na kwamba mwenye kupewa shamba pana lenye udongo mweusi asimwonee mdogo wake wivu wa kamba ya chini. Ua ukabaki mpaka. Nikaomba twende shambani. Akaniambia kwa upole, "Si ulisema umetuletea mezani?"

Sulle alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho. Hakusema kitu. Hiyo ndiyo niliyoibeba miaka yote hii kuliko mita zenyewe. Tangu siku ile salamu zetu zilikuwa za msibani tu. Wewe umekua unamwamkia mjomba wako barabarani wakati mimi natazama maduka.

Sikuiweka kamera chini, kama watu walivyotegemea. Nilirudi kazini nikiwa na hasira, na hasira imenijengea studio hii, vyumba vya nyuma vya wapangaji, na ada yako mpaka chuo. Sisemi ni njia nzuri ya kujenga. Nasema imejenga. Ila ina gharama yake: mtu mwenye hasira hupima kila kitu mara mbili, na bado haendi kwa ndugu yake kuona anachopima.

Nilipokufundisha lenzi pana, nilikufundisha Kwaraa na kichuguu. Nilikufundisha kwamba kingo za picha zitakuwa na giza kidogo na jinsi ya kulirekebisha, kwamba mtu akiwekwa pembeni atavutwa kama donge la chapati, kwamba nyumba iliyo wima ibaki wima. Nakwa nikairuka. Ulipouliza kwa nini mjomba haji nyumbani, nikasema ana shughuli.

Wiki iliyopita ulinionyesha kamera waliyokupa, na lenzi yake ya milimita kumi na nne. Kwa hesabu yangu hiyo inaona mapana zaidi kuliko ile yangu ya tisini inavyoona kwenye filamu yake. Ukaniambia kwa furaha kwamba meneja anataka viwanja vionekane "vinapumua." Nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa napiga hesabu. Kiwanja cha mita ishirini kwa kumi na tano, ukikipiga kwa lenzi hiyo ukiwa umechuchumaa kwenye kona, mnunuzi aliyeko mbali akiangalia kwenye simu ataona uwanja wa mpira. Wengi wao hawatakuja kukanyaga. Mzee Bura naye hakukanyaga, na mimi ndiye niliyemwambia asijisumbue. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha juu ya hilo. Kazi ni yako na jicho ni lako, na meneja ndiye anayekulipa, si mimi.

Leo asubuhi nilifunga studio. Nilichukua futi ile ndefu ya mafundi ujenzi, nikapanda bodaboda mpaka Nakwa. Sulle alikuwa anafunga mbuzi. Ameota mvi, hukuwahi kuniambia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akaitazama futi. "Umekuja na futi tu, au mahakama iko nyuma inakuja?"

"Mahakama haina nauli. Shika huu mwisho."

Akashika. Tulianza barabarani, upande wangu. Yeye alikuwa anatangulia na ncha, mimi nabaki na kasha nasoma. Kutoka barabarani mpaka ua wa manyara ni mita sabini na moja. Kutoka kwenye ua mpaka ukingo wa korongo ni mia moja na kumi na nane. Upana ni uleule, mita mia na ishirini. Jumla ya urefu ni mia na themanini na tisa, nusu yake ni tisini na nne na nusu. Nilidhulumiwa mita ishirini na tatu na nusu. Miaka yote nilikuwa nasema thelathini. Hata mimi nilikuwa nimejiongezea.

Tukakaa ukingoni mwa korongo. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Siku ile. Niliiona ile picha nikajua inasema uongo. Mimi ndiye nilikuwa nalima huku kila siku, ningekosaje kujua?"

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ulinitoa kwenye shamba langu mbele ya watu kama kuku. 'Picha haihitaji sura yako.' Nikasema basi, acha picha yako ikujibu."

"Mimi nilidhani unacheka moyoni."

"Nilicheka wiki moja. Halafu nikasubiri uje tugombane. Hukuja."

"Wewe ungekuja."

"Mimi? Kwa mtu ambaye akiniona anaangalia bei za ndoo dukani?"

Ni kweli zilikuwa ndoo. Nikaikunja futi ndani ya kasha. Kisha nikamwambia kilichonileta: sahihi yangu ninayo mfukoni, ila kabla ya kuitoa nataka mita zangu ishirini na tatu na nusu. Akachora ardhini kwa kijiti. Kampuni imepanga safu tano za viwanja, kila safu mita ishirini, na njia mbili za mita tisa. Kila safu ina viwanja vinane, jumla arobaini. Safu ya kwanza ndiyo inayogusa ua wa manyara.

"Chukua safu hiyo," akasema. "Mita ishirini. Nikitoa zaidi naingia kwenye njia yao, watakataa kila kitu."

"Zinabaki tatu na nusu."

"Zinabaki."

Nilizipigia hesabu mara mbili, upana mia na ishirini mara tatu na nusu, ni mita za mraba mia nne na ishirini. Ni kiwanja na zaidi. Nikamwambia namwachia. Usiende kuwaambia watu nimesamehe. Hizo mita tatu na nusu ndizo nilizoweza kwa leo. Hizo ishirini nimezichukua, na sioni aibu. Ni zangu.

Tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Alipotuona tumeongozana alifuta miwani. Tukaandika kwamba mpaka umesogea mita ishirini kwenda chini. Sulle akasaini. Kisha mimi nikasaini kama jirani, nimekubali shamba lake liuzwe kuanzia mpaka mpya. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba nimesaini.

Lakini hesabu haiishii hapo, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie leo badala ya kukuacha uende ukalikute huko. Kampuni yako ilikuwa inunue viwanja arobaini. Sasa itanunua thelathini na viwili. Mama yako amewapunguzia moja ya tano ya viwanja siku moja kabla hujaripoti. Sulle atampigia meneja simu kesho asubuhi. Inawezekana meneja akakubali, maana mpango wa safu nne bado una faida. Inawezekana akajitoa. Inawezekana akanunua na kukufukuza wewe. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika kalamu. Nilifikiri nisubiri mpaka uwe umeshaanza kazi, umekaa hata miezi mitatu, ndipo nidai. Nikaona huko kungekuwa kukuweka mbele yangu kama ngao. Na kama ningesaini bila kudai, ili wewe upate, ningekuwa nakudai mpaka kufa kwangu bila wewe kujua unadaiwa nini. Nawafahamu wazazi wa namna hiyo. Watoto wao hawarudi likizo.

Kwa hiyo usiende ukidhani kazi hii nimekununulia, wala usikae ukidhani nimekuharibia kwa makusudi. Nimechukua kilicho changu na nimeacha njia wazi. Kama huko watakuuliza, "Huyu mama wa mpakani ni nani?" sema ni mama yako. Usinitetee. Waambie shamba limepimwa kwa futi, na wenye wasiwasi waje wapime.

Ukiamua kutokwenda, niambie leo kabla sijalala, nitampigia wakala wa basi ampe mwingine kiti chako. Sitauliza sababu. Ukiamua kwenda, mjomba wako ameomba akubebee begi mpaka stendi. Nimemwambia aje kesho saa kumi na moja asubuhi, naye nitamkaribisha chai. Kuwa mwangalifu usishangae sana, atajisikia vibaya.

Jambo la mwisho. Juzi mwalimu mmoja mgeni alikuja kuulizia nafasi, amehamishiwa hapa, ana barua ya kazi na hana kelele. Nilimwonyesha chumba chako kwa nje. Nimemjibu kwamba hakipangishwi mpaka miezi mitatu tangu uondoke iishe. Huo ni muda wa kutosha kwa meneja kukataa, kwa wewe kukasirika, na kwa mtu kurudi nyumbani bila kueleza. Ikipita hiyo miezi mitatu hujarudi, nitajua umekaa, na nitampa mwalimu ufunguo siku hiyohiyo.

Mama yako.